Kipa wa Kidole Gumba

Rafu ya juu, nyuma ya redio isiyo na betri,
ndipo anapokaa Chinguile wa kwanza:
kipande cha msufi, urefu wa kidole gumba,
kimezama kwenye buluu ya geti la ghala
mpaka pua haipo.
Nilikuwa na kopo moja, burashi ya kupakia milango,
na haraka ya mtu aliyezika mdogo wake wiki iliyopita.
Rangi ilishuka ikaganda miguuni kama uji.
Mikono ilitoka mikubwa kuliko kichwa.
Sikujua kupima. Mimi, karani wa mizani,
ambaye msimu wa mnada Masasi nzima inanijua:
gunia la korosho likipungua kilo
nalijua kwa kulitazama tu.

Wa pili alisubiri mwaka,
mpaka Nanjota fundi saa aliponiambia:
"Tia petroli kidogo, ilegee.
Rangi ikikataa kushika, ngoja.
Ikikataa tena, kalale."
Nikajifunza tabaka. Moja nyembamba, kalale.
Moja nyembamba, kalale.
Nywele tatu za sikio la mbuzi
nikazifunga kwa uzi kwenye spoki ya baiskeli,
na jezi ikawa kijani,
si tope la kijani.

Kisha nikagundua kivuli,
na kama kila mgunduzi, nikakosa kiasi.
Mafuta ya maganda ya korosho:
tone moja kwenye mkunjo wa kaptula
linazama, linakuwa usiku.
Chinguile wa tatu nilimpa usiku kila mahali,
makwapani, chini ya kidevu, katikati ya vidole,
akawa kama mtu aliyetolewa kisimani.
Ngozi yangu ilibabuka majuma mawili.
Somoe alinilisha kwa mkono wake huku akicheka:
"Mtu mzima, unaungulia kaptula ya mdoli!"

Wa nne, usiniulize.
Ah, uliza.
Miaka hiyo nilikuwa na miwani mipya na kiburi.
Nilipaka kamba za viatu. Nilipaka fundo la kamba.
Wino wa muhuri, ule wa zambarau
tunaogongea stakabadhi za wakulima,
niliuchuja kwenye kitambaa, nikapata mishipa ya shingo.
Nilipaka kucha, na ndani ya kucha
vumbi jekundu la goli la kusini,
lile linalotazamana na majabali.
Watu walitoka hadi Ndanda kuja kumwona.
Mwalimu Nambunga alikuja na kioo cha kukuzia,
akainama, akakaa kimya, akasema,
"Huyu anapumua."
Nami nikamtazama huyo anayepumua
nikaona mgeni,
mgeni mzuri sana.

Wa tano nilimpiga msasa kabla hajakauka.

Juni iliyopita nikamshusha wa kwanza.
Nilimwonea aibu, na buluu yake, na uji wake.
Nikamimina petroli kwenye kikombe kibovu,
nikamshika kiunoni nimvue, nianze upya.
Somoe alikuwa anachambua mchele.
Hakunyanyua kichwa.
"Huyo muache."
"Hana hata pua," nikasema.
"Huyo ndiye shemeji yangu.
Wale wengine ni kazi yako."
Akaendelea na mawe yake kwenye ungo,
moja, kimya, lingine,
na petroli ikapaa yote kikombeni
nikiwa nimekaa palepale.

Sasa mkono unatetemeka.
Nasingizia baridi, lakini Masasi ina baridi gani?
Chinguile wa sita yuko mezani,
uso nimeuacha mti mtupu;
msufi una weupe wake, unatosha.
Mstari mmoja wa kijani begani.
Kivuli kimoja, chini ya nyayo,
kwa sababu ameruka.
Mwalimu amepita, akauliza nitammaliza lini.
Nikamwambia tayari.
Akaangalia vile viganja, akaniangalia mimi,
kwa adabu hakusema neno.

Mikono nimechonga mikubwa kuliko kichwa.
Safari hii nilipima.